Ridhaa ya Mama na Uamuzi wa Daktari Wakati wa Kujifungua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wajawazito, jamaa zao na hata wahudumu wa afya huyarudia kuhusu nani anaamua nini katika chumba cha kujifungulia. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo majibu yanashikilia misingi inayokubalika katika taaluma ya uzazi, na hukumu za mahakama zimetajwa pale tu zinapoliweka jambo wazi. Anayesoma akiwa na uchungu tayari aanzie swali la 10.

## Misingi

1. Ridhaa ni nini hasa? Si ile karatasi ninayotia saini?

Ridhaa ni kukubali kwako, kwa hiari na kwa kuelewa, kwamba jambo fulani lifanyike kwenye mwili wako. Ili iwe halali, ni lazima uwe na uwezo wa kuamua wakati huo, uwe umeelezwa vya kutosha, na usiwe umelazimishwa wala kutishwa. Karatasi ni kumbukumbu tu ya mazungumzo yaliyofanyika, na kama mazungumzo hayakuwapo, saini haiwezi kuchukua nafasi yake. Mama anayepewa kalamu akiwa juu ya machela, amekwisha kuvalishwa nguo za upasuaji, akaambiwa tu "tia saini hapa", ametia saini lakini bado hajaulizwa.

Si kila jambo linahitaji karatasi. Kunyoosha mkono ili upimwe shinikizo la damu ni ridhaa tosha. Lakini kadiri utaratibu unavyoingia ndani ya mwili au unavyoacha kovu, ndivyo kauli iliyo wazi inavyohitajika, na kwa upasuaji mkubwa kauli hiyo huandikwa.

2. Daktari ndiye aliyesoma na ndiye mwenye uzoefu. Kwa nini asiamue yeye?

Kwa sababu kuna maamuzi mawili yanayochanganywa. La kwanza ni la kitabibu: mtoto amekaaje, njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo yanaonyesha nini, ni njia zipi salama za kumtoa. Hilo ni la daktari na mkunga, na mama hana sababu ya kujifanya mtaalamu. La pili ni kuchagua kati ya njia hizo, yaani hatari ipi ibebwe na ipi ikwepwe, na hilo ni la yule ambaye mwili wake ndio utakaoibeba. Mwaka 1914, katika kesi ya Schloendorff huko New York, Jaji Benjamin Cardozo alikwisha kuandika kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua kitakachofanywa kwenye mwili wake.

Kesi iliyoliweka jambo hili mbele ya madaktari wa uzazi ni ya Nadine Montgomery wa Uskoti, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwezi Machi 2015. Alikuwa na kisukari na umbo dogo. Kwa mama mwenye kisukari, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama baada ya kichwa kutoka ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari wake alilijua hilo, na Bi. Montgomery alikuwa ameeleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa mtoto, lakini hakuambiwa. Daktari alieleza mahakamani kwamba madhara makubwa kwa mtoto ni nadra, na kwamba wanawake wakitajiwa hatari hiyo wengi wangechagua upasuaji. Mabega yalikwama, zikapita dakika 12 kati ya kichwa kuonekana na mtoto kuzaliwa, na mtoto akapata ulemavu wa kudumu.

Mahakama haikusema kwamba daktari alikosea katika sayansi yake. Ilisema kwamba hatari inayopaswa kutajwa ni ile ambayo mtu mwenye busara, akiwa katika hali ya mgonjwa huyo, angeiona kuwa na uzito, au ile ambayo daktari anajua, au anapaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu mahususi angeipa uzito. Kipimo cha zamani, kwamba inatosha ikiwa madaktari wengine nao wangenyamaza, kiliachwa. Kwa maoni yetu hoja ya "akijua atachagua vingine" ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba jambo hilo linapaswa kusemwa.

3. Ninapaswa kuelezwa nini kabla ya kukubali?

Unapaswa kujua utaratibu wenyewe ni upi na kwa nini unashauriwa kwako sasa; faida unayotarajiwa kupata; hatari zake, za kawaida na zile nadra zilizo kubwa; njia nyingine zilizopo; na kitakachoweza kutokea kama hakuna kitakachofanywa. Hilo la mwisho husahauliwa mno. "Tusubiri" nayo ni njia, ina faida zake na hatari zake.

Omba takwimu zitajwe kwa ukamilifu. Ukiambiwa "hatari inaongezeka maradufu", uliza: kutoka ngapi hadi ngapi? Kutoka 1 hadi 2 katika kila 1,000 ni maradufu, na kutoka 10 hadi 20 katika kila 100 pia ni maradufu, lakini hayo si mambo ya kupimwa kwa mizani moja.

4. Nikikubali kujifungulia hospitalini, si nimekubali kila kitakachofuata?

Hapana. Kukubali kulazwa ni kukubali kuhudumiwa, na kila utaratibu wenye uzito wake huombewa ridhaa yake. Zaidi ya hayo, ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote, hata utaratibu ukiwa umeanza, ilimradi kuna hatua ambayo unaweza kusimamishwa kwa usalama. Mama akisema "acha" wakati wa kupimwa njia, mkono hutolewa kwanza, maelezo yafuate.

## Taratibu za kila siku katika chumba cha kujifungulia

5. Je, ninaweza kukataa kupimwa njia?

Ndiyo. Kupima njia kwa vidole humwonyesha mkunga mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani na kichwa kimeshuka wapi, na bila taarifa hiyo ni vigumu kujua kama uchungu unasonga mbele. Ni kipimo chenye manufaa. Hata hivyo kinaumiza, kinaingia sehemu ya siri, na kikirudiwa mno huongeza uwezekano wa maambukizi, hasa chupa (mfuko wa maji unaomzunguka mtoto) ikishapasuka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inapendekeza kila baada ya saa nne katika kipindi ambacho uchungu umeshika kasi, isipokuwa kuna sababu ya kupima mapema zaidi. Ukikataa, mkunga anaweza kufuatilia kwa mapigo ya mtoto, kwa nguvu na mpangilio wa uchungu, na kwa kupapasa tumbo, na ni haki yake kukueleza ni nini hataweza kukijua kwa njia hizo.

6. Daktari au mkunga anaweza kuniongezea njia bila kuniuliza?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, nasi tunalipa nafasi kubwa kwa sababu ndipo ridhaa hupuuzwa kwa urahisi zaidi. Kuongezewa njia ni kukata msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kwa mkasi kichwa cha mtoto kinapokaribia kutoka. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kila mama anayejifungua kwa mara ya kwanza akatwe ili asichanike vibaya. Utafiti haukuliunga mkono zoea hilo, na miongozo ya 2018 iliyotajwa katika swali la 5 inasema wazi kwamba kukata kwa mazoea au kwa wingi hakupendekezwi kwa mama anayejifungua kwa kawaida. Sababu za kweli zimebaki: mapigo ya mtoto yameshuka na anahitaji kutoka haraka, au anavutwa kwa koleo. Kwa hiyo sababu ya "ni utaratibu wetu hapa" haitoshi, wala "ni mimba yako ya kwanza".

Wapo wanaosema kwamba katika dakika ile hakuna nafasi ya kuuliza. Ipo. Mkunga anayeijua kazi yake husema, mkono wake ukiwa bado kwenye kichwa cha mtoto: "Mama, kichwa kimefika hapa, lakini mapigo ya mtoto yameshuka. Nikikuongezea njia kidogo atatoka kwa misukumo miwili mitatu. Nitakuchoma ganzi kwanza. Unakubali?" Maneno hayo hayamalizi hata sekunde 20, yanatoshea kati ya uchungu mmoja na mwingine, na mama hujibu kwa neno au kwa kutikisa kichwa. Vizuri zaidi, jambo hilo liwe limezungumzwa kliniki miezi kadhaa kabla, ili swali la chumba cha kujifungulia liwe la kuthibitisha tu.

Ganzi ni sehemu ya ridhaa. Aliyekubali kukatwa hakukubali kukatwa bila ganzi, na ndivyo ilivyo kwa kushonwa baadaye.

7. Na kupasuliwa chupa, kuanzishiwa uchungu au kuongezewa uchungu kwa dripu?

Zote zinahitaji ridhaa, hata kama hakuna mkasi unaoonekana. Kupasua chupa hakuwezi kurudishwa nyuma, na mara chache kitovu, yaani kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, huweza kutangulia kutoka kabla ya mtoto iwapo kichwa bado kiko juu. Oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu inayowekwa kwenye dripu, huufanya uchungu uwe mkali na wa karibu karibu, kwa hiyo mapigo ya mtoto lazima yafuatiliwe kwa makini zaidi.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba "njia haifunguki haraka". Uliza ni haraka ipi. Kwa miongo mingi kasi ya sentimita 1 kwa saa ilichukuliwa kuwa kipimo cha kila mama, lakini miongozo ya 2018 inasema kwamba kufunguka polepole kuliko hapo, peke yake, si sababu ya kuingilia kati ikiwa mama na mtoto wako salama, na kwamba kipindi cha uchungu wa kasi huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Daktari anayesema tusubiri saa mbili zaidi huenda anafuata sayansi kwa uaminifu kuliko yule anayeagiza dripu mara moja. Hapa uamuzi wake wa kitabibu na utulivu wako husaidiana.

8. Nilikandamizwa tumbo ili mtoto ashuke. Hilo linaruhusiwa?

Kukandamiza sehemu ya juu ya tumbo ili kumsukuma mtoto wakati wa kujifungua hakupendekezwi na Shirika la Afya Duniani. Daktari au mkunga anayeona kuna sababu ya kufanya hivyo anapaswa kuieleza na kuomba ridhaa kama kwa utaratibu mwingine wowote. Kukandwa tumbo baada ya mtoto kutoka, ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu ikome, ni jambo jingine kabisa, nalo lina sababu nzito.

9. Daktari anashauri upasuaji. Nitajuaje kama ni lazima?

Muulize kwa utulivu: ni kwa ajili yangu, kwa ajili ya mtoto, au kwa sababu hospitali haiwezi kunifuatilia kwa njia nyingine? Majibu yote matatu yanaweza kuwa halali, lakini una haki ya kujua ni lipi. Kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi, mtoto aliyelala kingamo wakati uchungu umeshika, au dalili kwamba mfuko wa uzazi unapasuka, ni hali ambazo daktari hawezi kukupa njia nyingine iliyo salama. Mtoto aliyetanguliza matako, mtoto anayekadiriwa kuwa mkubwa, au kovu la upasuaji uliopita ni hali zenye nafasi ya mjadala (tazama swali la 17).

Upasuaji huokoa maisha unapohitajika. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba kiwango cha upasuaji katika jamii kikishazidi asilimia 10, kuongezeka kwake zaidi hakuhusiani tena na kupungua kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga. Takwimu hiyo ni ya jamii nzima, isitumiwe kumhukumu mama mmoja. Inachofundisha ni kwamba kuuliza "kwa nini?" si utovu wa adabu.

## Dharura, uchungu na kukataa

10. Katika dharura, daktari anaweza kuendelea bila ridhaa yangu?

Ikiwa huwezi kuamua, kwa mfano umezimia kwa kupoteza damu au uko katikati ya degedege la kifafa cha mimba, daktari anaruhusiwa kufanya lililo la lazima kuokoa maisha yako na kuzuia madhara makubwa. Anaishia hapo. Jambo linaloweza kusubiri hadi uzinduke lazima lisubiri, na kama ulikwisha kukataa jambo fulani ukiwa timamu, kukataa huko hakufutiki kwa sababu umelala.

Ikiwa una fahamu, dharura hufupisha mazungumzo, haiyafuti. Fikiria kitovu kimetangulia: mkunga ameingiza mkono anakisukuma kichwa cha mtoto juu ili kisikibane kitovu, kitanda kinasukumwa kwenda chumba cha upasuaji, na mkono huo hautolewi hadi mtoto atoke. Hakuna atakayesoma fomu ya kurasa mbili. Lakini daktari anayetembea kando ya kitanda anaweza kusema: "Kitovu kimetangulia, mtoto anakosa hewa, tunahitaji kukupasua sasa hivi, unakubali?" Ridhaa ya mdomo, ikishuhudiwa na mhudumu wa pili na kuandikwa kwenye faili baadaye, ni ridhaa kamili. Unapomwona daktari anazungumza kwa ufupi namna hiyo, tafadhali usidhani anakudharau. Maelezo marefu yanapaswa kuja siku inayofuata, naye aje kuyatoa bila kuitwa.

11. Nikiwa na uchungu mkali, bado ninahesabiwa kuwa na uwezo wa kuamua?

Ndiyo. Uchungu, kilio, uchovu na hasira haviondoi uwezo wa kuamua. Kinachoangaliwa ni kama unaweza kuelewa unachoambiwa, kukishika akilini kwa muda wa kutosha, kukipima, na kueleza uamuzi wako kwa njia yoyote. Uamuzi ambao daktari anauona si wa busara si uthibitisho kwamba akili imepotea.

Wakati mwingine hofu yenyewe huufunga uwezo huo. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mama aliyekuwa amekubali upasuaji wa kumtoa mtoto aliyetanguliza matako, lakini akashindwa kila sindano ya ganzi ilipokaribia kwa sababu ya hofu kubwa ya sindano. Mahakama iliona kwamba kwa muda ule hofu ilikuwa imemwondolea uwezo wa kuamua. Katika hukumu hiyohiyo ilisisitiza kwamba mjamzito mwenye uwezo anaweza kukataa matibabu kwa sababu yoyote ile, au bila sababu.

12. Hata kama kukataa kwangu kunamhatarisha mtoto?

Hili ni swali zito kuliko yote katika ukurasa huu, na hatulijibu kwa wepesi. Msimamo uliofikiwa na mahakama za Uingereza, na pia mahakama kadhaa kwingineko, ni kwamba mama mwenye uwezo wa kuamua hawezi kupasuliwa kwa nguvu, hata kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitamka kuwa haramu upasuaji aliofanyiwa mama wa wiki 36 mwenye shinikizo la damu hatari la ujauzito, ambaye alizuiliwa kwa kutumia sheria ya afya ya akili kwa sababu tu alikuwa amekataa matibabu. Huko Washington, Marekani, mwaka 1987, Angela Carder, aliyekuwa akifa kwa saratani, alipasuliwa kwa amri ya mahakama akiwa na mimba ya wiki 26 hivi. Mtoto alifariki baada ya saa chache, na mama baada ya siku mbili. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa iliifuta amri ile na kusema kwamba karibu katika kila hali, uamuzi wa mgonjwa ndio unaofuatwa. Ziko pia nchi ambazo sheria zake zinampa mtoto aliye tumboni ulinzi mkubwa zaidi.

Nafasi ya daktari haiishii kwenye kusema "sawa" na kuondoka. Anapaswa kuhakikisha kwamba mama ameelewa, kutafuta hofu iliyo nyuma ya neno "sitaki", kumpa nafasi ya kusikia daktari mwingine, na kuendelea kumhudumia kwa njia alizozikubali. Mara nyingi kinachokataliwa si upasuaji wenyewe. Ni kulazwa usingizi kabisa, au kumwacha mtoto mwingine nyumbani bila mlezi, au kumbukumbu ya upasuaji uliopita ambapo ganzi haikushika. Yote hayo yana dawa, yakisemwa. Vitisho havimo katika kazi hiyo. "Unataka kumuua mtoto wako?" ni shinikizo, na ridhaa inayopatikana kwa maneno kama hayo ina kasoro.

## Watu wengine chumbani

13. Je, mume wangu au mama mkwe ndiye anayetia saini?

Kimsingi ridhaa ya mtu mzima mwenye uwezo ni yake mwenyewe. Zipo hospitali zinazosubiri saini ya mume kabla ya upasuaji. Zoea hilo hula dakika ambazo mama na mtoto hawana, na halimpi mama haki yoyote ambayo hakuwa nayo. Jamaa ana nafasi kubwa ya aina nyingine: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kuwa naye wakati wa uchungu, na mtu huyo anaweza kukumbuka maswali uliyotaka kuuliza na kumwambia daktari, "Daktari, tafadhali mweleze tena, hajaelewa." Kwa msichana ambaye hajafikia umri wa utu uzima, sheria za nchi nyingi zinahitaji mzazi au mlezi ahusishwe, lakini hata hapo yeye aelezwe na asikilizwe.

14. Wanafunzi wanaweza kuniangalia au kunipima?

Kwa ridhaa yako tu, nayo iombwe kabla. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Urusi kwa kuvunja haki ya faragha ya mama ambaye wanafunzi wa udaktari walihudhuria alipokuwa akijifungua mwaka 1999 bila ridhaa yake ya kweli. Ukikataa, huduma yako isipungue hata kidogo. Ukikubali umefanya jambo jema, kwa sababu mkunga wa kesho hujifunza hapo. Hata hivyo mwanafunzi ajitambulishe kwa jina, na asikupime ukiwa umelala kwa dawa kama hukuwa umekubali ukiwa macho.

15. Je, kama sielewi vizuri lugha ya daktari?

Basi mkalimani anahitajika, naye asiwe mtoto wako, wala, ikiwezekana, jamaa mwenye maslahi katika uamuzi. Kuitikia kwa kichwa katika lugha usiyoielewa si ridhaa.

## Hali ngumu

16. Nimeandika mpango wangu wa kujifungua. Daktari analazimika kuufuata?

Sehemu ya mpango inayosema usichotaka ina uzito mkubwa, kwa sababu kukataa ni haki yako. Sehemu inayosema unachotaka ni ombi, na utekelezaji wake hutegemea hali ilivyo siku hiyo na vifaa vilivyopo. Kwa sababu hiyo hiyo huwezi kumlazimisha daktari kufanya utaratibu ambao kwa uamuzi wake wa kitabibu utakudhuru. Anaruhusiwa kukataa, kueleza kwa nini, na kukupeleka kwa mwenzake.

Mfano unaoulizwa sana ni upasuaji unaoombwa na mama bila sababu ya kitabibu. Mwongozo wa taifa wa Uingereza, tangu 2011, unasema kwamba kama baada ya mazungumzo kamili na msaada mama bado hawezi kuikubali njia ya kawaida, apangiwe upasuaji, na daktari asiyetaka kuufanya ampeleke kwa daktari mwingine. Nchi nyingine hazijafika huko.

17. Nilipasuliwa mimba iliyopita. Daktari anasema "ukishapasuliwa, utapasuliwa daima". Ni kweli?

Si kweli kwa wote. Kwa mama mwenye kovu moja la mlalo katika sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, karibu robo tatu ya wanaojaribu njia ya kawaida hufanikiwa, na kovu huachia kwa takriban mama 1 katika kila 200. Hatari hiyo ni ndogo lakini ni ya kweli, na ikitokea inahitaji chumba cha upasuaji kilicho tayari. Upasuaji wa kurudia nao una gharama yake: kila kovu jipya huongeza uwezekano wa kondo kujishika vibaya katika mimba zijazo.

Hapa uamuzi wa daktari kuhusu mazingira una nguvu. Akikueleza kwamba hospitali haina daktari wa usingizi usiku, hajakunyima haki yako. Amekupa taarifa muhimu kuliko asilimia zote. Unachoweza kuomba ni kupelekwa mapema mahali penye huduma hiyo, na mazungumzo hayo yafanyike kliniki. Hayafai kuanza njia ikiwa sentimita 7.

18. Ninaweza kufungwa kizazi wakati wa upasuaji kwa sababu daktari anaona inafaa?

Hapana, isipokuwa uliliomba au kulikubali mapema kwa hiari. Kufunga kizazi si matibabu ya dharura, hata kama daktari anaamini kwa dhati kwamba mimba nyingine itakuwa hatari: mimba hiyo haipo leo, na kuna muda wa kuzungumza. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi lilieleza mwaka 2011 kwamba ridhaa ya kufunga kizazi isiombwe mama akiwa anaingia kwenye uchungu, wala isifanywe sharti la kupata huduma nyingine. Mwaka huohuo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Slovakia katika kesi ya mama wa Waroma, jamii ya wachache barani Ulaya, aliyetakiwa kutia saini akiwa kwenye uchungu, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliwapa haki wanawake watatu waliofungwa kizazi kwa saini zilizochukuliwa kwa namna kama hiyo.

Kuondoa mfuko wa uzazi ili kusimamisha damu isiyokoma ni suala tofauti, nalo liko chini ya swali la 10.

19. Siwezi kuongezewa damu kwa sababu ya imani yangu. Nitahudumiwa?

Ndiyo, na kukataa huko kuheshimiwe. Waambie wahudumu mapema, tena kwa maandishi, ukitaja unachokataa na unachokubali. Daktari akijua miezi kabla anaweza kuinua kiwango cha damu yako kwa madini ya chuma, kupanga ujifungulie mahali penye wataalamu wa kutosha, na kukuuliza mapema kuhusu hatua ambazo huenda akalazimika kuzifikia haraka zaidi kuliko kwa mama mwingine.

20. Nilifanyiwa jambo ambalo sikuridhia. Nifanye nini?

Anza kwa kuandika unachokumbuka: nani alikuwapo, nini kilisemwa, saa ngapi. Kisha omba nakala ya faili lako, pamoja na fomu ya ridhaa na patografu, ile chati ambayo mkunga hujaza mapigo ya mtoto, kufunguka kwa njia na nguvu ya uchungu. Omba kukaa na daktari aliyekuhudumia, au mkuu wa idara, akueleze hatua kwa hatua. Wapo wanaotoka katika kikao hicho wakielewa kilichokuwa kikiendelea, na wapo wanaotoka wakiwa na hakika zaidi kwamba walikosewa.

Tenganisha mambo mawili unapolalamika. Matokeo mabaya peke yake si ushahidi kwamba hukuulizwa, kwani hatari iliyoelezwa vizuri nayo inaweza kutokea. Vilevile matokeo mazuri hayahalalishi kukatwa bila kuulizwa. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa uongozi wa hospitali, kisha kwa baraza linalosimamia madaktari au wakunga, na mwisho mahakamani. Katika nchi nyingi muda wa kufungua madai una ukomo, kwa hiyo nakala ya faili iombwe mapema, hata kama bado hujaamua kulalamika.